Kinywa cha Mzee na Kitabu cha Misioni

Wahenga walituachia mithali mbili ambazo yafaa kuziweka pamoja. Ya kwanza yasema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ya pili yasema: Mwacha asili ni mtumwa. Mwenye duka huielewa ile ya kwanza upesi, kwa sababu asipoandika deni hatalipwa. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kufikiri kwamba jamaa nayo ni mali, na kwamba yaweza kupotea bila habari kwa kukosa daftari?

Sisi walimu twaliona jambo hili kila mwaka. Mwambie mwanafunzi wa Kadutu au wa Bagira aandike majina ya babu zake wawili na ya bibi zake wawili. Wengi huandika jina moja au mawili, kisha huinua kalamu na kutazama dari. Si kosa lao. Wazazi wao walishuka mjini Bukavu kutafuta kazi, au waliikimbia milima yao wakati wa vita, nao walizaliwa hapa, mbali na makaburi ya wazee wao.

Hata hivyo hasara yake si ndogo. Mashamba hugombaniwa kwa sababu hakuna ajuaye tena nani alimpa nani, na mbele ya nani. Vijana huchumbiana, kisha ndoa ikiisha kutangazwa kanisani, shangazi mmoja kutoka Walungu huja na kusema kwamba hao ni watoto wa ndugu wawili. Nayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1091, haikubali ndoa ya namna hiyo bila ruhusa. Na kuna hasara kubwa kuliko hizo: mtu asiyejua asili yake mwenyewe huamini upesi uongo wowote atakaoambiwa juu ya asili ya jirani yake. Katika nchi yetu ya Kivu, uongo wa namna hiyo umekwisha kumwaga damu nyingi.

Basi, wasomaji wapenzi, leo twataka kuwaonyesha njia ya kutafuta habari za jamaa. Njia hiyo ina walinzi wawili: kinywa cha mzee na kitabu cha misioni. Kila mmoja ajua jambo ambalo mwenzake halijui, na kila mmoja humsahihisha mwenzake.

KINYWA CHA MZEE

Mzee hutunza mambo ambayo hakuna karani aliyeyaandika. Yeye ajua kwa nini jamaa ilihama, nani aligombana na nani, ni ng'ombe gani aliyetolewa kwa mahari ya bibi. Chukueni habari za ardhi. Katika Bushi, shamba la kalinzi lilipatikana kwa kumpa ng'ombe mwenye mamlaka ya ardhi, mbele ya mashahidi, na watoto walilirithi. Shamba la bwasa lilikuwa la muda tu, na aliyelilima alijua kwamba ataliacha. Hapakuwa na karatasi wala muhuri; neno la mashahidi ndilo lililokuwa muhuri. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, lakini hata leo, watu wa milimani wakigombana, huitwa kwanza wazee.

Lakini kinywa nacho kina udhaifu wake. Mzee huruka kizazi kimoja, huwaunganisha mababu wawili wakawa mtu mmoja, au humtukuza babu yake kuliko ilivyokuwa. Tena hahesabu miaka kama kalenda. Mtaalamu mmoja Mbelgiji, Jan Vansina, aliyefanya kazi katika chuo cha utafiti kiitwacho IRSAC, ambacho makao yake yalikuwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, alitoa mwaka 1961 kitabu kizima juu ya jambo hili. Aliwafundisha wataalamu wa ulimwengu kwamba masimulizi ya wazee si ya kudharauliwa, wala si ya kumezwa bila kutafunwa. Yafaa kumwuliza msimulizi alisikia kwa nani, na huyo naye alisikia kwa nani. Yafaa kuwasikiliza wasimulizi wengi, wa nyumba mbalimbali. Tena yafaa kutazama ni nani anayepata faida habari ikisimuliwa hivi na si vile.

Juu ya miaka, tusimwulize mzee, “Ulizaliwa mwaka gani?” Tumwulize, “Ulikuwa na kimo gani wakati wa jambo fulani?” Mambo makubwa ya nchi ndiyo kalenda yake. Wale wa zamani walihesabu kwa tauni ya ng'ombe, iliyopita katika nchi za maziwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walihesabu kwa vita vya Wadachi na Wabelgiji: kisiwa cha Ijwi kilitekwa na Wadachi Septemba 1914, na jeshi la Kongo liliingia Tabora Septemba 1916, likifuatwa na wapagazi wengi. Waliotoka Rwanda walihesabu kwa njaa zake: Rumanura ya 1916 hadi 1918, Rwakayihura ya 1928 na 1929, Ruzagayura ya 1943 na 1944. Wengine hukumbuka moto wa Nyamulagira wa mwaka 1938, mto wa mawe yaliyoyeyuka ulipofika ziwani karibu na Sake. Na watoto wetu nao watahesabu kwa tetemeko la Februari 2008, na kwa vita vilivyoingia mjini Bukavu mwaka 1996 na tena Februari 2025.

KITABU CHA MISIONI

Mlinzi wa pili hana maneno mengi, lakini hasahau. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, Kanisa liliwaagiza maparoko waandike ubatizo na ndoa za watu wao. Na kitabu cha ibada cha Roma cha mwaka 1614 kilitaja vitabu vitano: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha wafu, na kile cha hali ya roho, kinachoonyesha jamaa za parokia nyumba kwa nyumba. Mapadri Weupe, ambao leo huitwa Wamisionari wa Afrika, walipojenga Nyangezi mwaka 1906, walileta desturi hiyo pamoja nao. Kwa jamaa nyingi za Bushi, mstari ule wa kitabu cha ubatizo ndiyo mara ya kwanza jina la babu kuandikwa kwa wino.

Mstari huo una nini ndani yake? Una jina la mbatizwa, majina ya baba na mama, jina la baba au mama wa ubatizo, mahali, siku, na jina la aliyebatiza. Pembeni huongezwa baadaye kipaimara na ndoa, na mara nyingi jina la parokia ilikofungwa ndoa hiyo. Kwa hiyo mstari mmoja waweza kukupeleka katika parokia nyingine, na huko ukapata mstari wa pili.

Vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini. Msiogope, maneno machache yatosha. Natus ni aliyezaliwa, na circa ni yapata: basi natus circa 1890 maana yake amezaliwa yapata mwaka 1890, yaani Padri alikisia kwa kumtazama uso. Filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike. Patrinus ni baba wa ubatizo. Ignotus ni asiyejulikana. Obiit ni alifariki. In articulo mortis ni katika saa ya kufa. Mtu wa namna hiyo hakubatizwa na Padri daima, pengine ni katekista aliyemmwagia maji usiku, porini.

Kuna jambo jingine la kufaa sana. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufundishwa na kujaribiwa miaka minne. Basi ukimkuta babu alibatizwa mtu mzima mwaka 1925, yaelekea kwamba mwaka 1921 alikuwa amekwisha kuingia katika mafundisho, na kwamba alikuwa akikaa mahali ambapo katekista aliweza kumfikia. Tena Lavigerie aliagiza kila misioni iandike habari za kila siku katika daftari. Humo mna mvua na njaa, wageni na magonjwa, na pengine jina la mtu wa kawaida aliyefika kuomba dawa. Habari hizo za misioni hutunzwa na shirika lenyewe katika nyumba yake kuu huko Roma.

Lakini kitabu nacho kina maadui. Nyumba za misioni ziliporwa katika maasi ya 1964 na katika vita vilivyofuata, na nyumba ikiporwa makaratasi hayasalimiki. Mchwa na maji hufanya kazi yao hata wakati wa amani. Kwa bahati njema, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliamuru kila paroko apeleke kwa Askofu nakala ya vitabu vyake kila mwisho wa mwaka. Kitabu cha parokia kikikosekana, tusikate tamaa kabla ya kuuliza katika uaskofu.

MAJINA YENYE KUPOTOSHA

Hapa wengi hujikwaa. Kwanza, katika desturi zetu watoto wa baba mmoja hawana jina moja la ukoo. Kaka aitwa Mugisho kwa sababu wazazi walipata baraka. Mdogo wake aitwa Murhula kwa sababu siku hizo palikuwa na utulivu. Dada yao ana jina lake. Anayetafuta kwa jina moja tu atawapita ndugu zake mwenyewe. Yafaa kutafuta kwa jina la baba na la mama pamoja.

Pili, Mapadri wa kwanza waliandika kama masikio yao yalivyosikia. Jina lianzalo leo kwa Ci- laweza kuandikwa Tshi-, Chi- au Ki-; herufi rh ya Kimashi yaweza kuwa r tupu; Ngweshe, Luhwinja na Ninja zina maandiko zaidi ya moja. Yosefu huwa Josephus, Yakobo huwa Jacobus. Mwanafunzi ayasome majina kwa sauti, kwani sikio litatambua mahali ambapo jicho limeshindwa.

Tatu, mwaka 1972 Serikali ya Rais Mobutu iliwaagiza wananchi waache majina ya Kikristu na kushika ya Kiafrika. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Ndiyo maana mtu aliye Aloisi katika kitabu cha ubatizo ana jina jingine kabisa katika karatasi za Serikali za miaka ile, na pengine la tatu katika karatasi za baada ya hapo.

Nne, hata nchi hubadili majina. Mji wetu uliitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950. Na atakayesoma maneno “Vikariati ya Kivu” atazame mwaka kwanza! Kutoka 1912 hadi 1922 jina hilo lilikuwa la Rwanda na Burundi, chini ya Askofu Hirth. Siku hizo Nyangezi ilikuwa chini ya Vikariati ya Kongo ya Juu, ya Askofu Roelens, aliyekaa Baudouinville karibu na Ziwa Tanganyika. Vikariati ya Kivu ya upande wetu ilianza Desemba 1929, nayo ndiyo iliyokuwa Jimbo Kuu la Bukavu tarehe 10 Novemba 1959. Asiyejua hayo ataandika barua mahali pasipohusika, na atangoje jibu mpaka achoke.

MFANO MMOJA

Tutoe mfano wa kubuni, ili jambo lieleweke. Nyumba mbili za mlima mmoja zagombania shamba. Nyumba ya Mugisho yasema, “Babu yetu alilipa kalinzi.” Nyumba ya Byamungu yajibu, “La, babu yenu alivuka Ruzizi wakati wa njaa ya Rwakayihura, akahurumiwa, akapewa bwasa.” Wazee wa kila upande waapa.

Mtoto mmoja wa shule aenda parokiani. Akuta kwamba babu huyo alibatizwa mtu mzima mwaka 1925, katika tawi la mlima ule ule. Akuta pia watoto wake wanne, waliobatizwa hapo mwaka 1925, 1927, 1931 na 1934. Basi njaa ya 1928 ilimkuta amekwisha kuwa na nyumba na watoto, naye yaelekea alikuwa katika mafundisho tangu 1921. Kisha mtoto asoma jina la baba wa ubatizo wa yule mwana wa pili, naye ni babu wa Byamungu mwenyewe.

Je, kitabu kimekata shauri? Hapana. Kitabu hakisemi neno juu ya ng'ombe wa kalinzi. Lakini kimeondoa neno moja lisilo kweli, nacho kimewakumbusha watu wa nyumba zote mbili kwamba babu zao walisimama pamoja mbele ya kisima cha ubatizo. Sasa hawana budi kuwarudia wazee na kuuliza vema zaidi: nani alimwona ng'ombe, na alikuwa wa rangi gani? Tena, hata kama babu yule angalikuwa amefika na njaa, je, watoto wake na wajukuu wake waliozaliwa hapo wangeacha kuwa jirani?

MAMBO YALIYOFICHWA

Anayefungua sanduku la zamani hana budi kuwa na moyo wa subira, kwa maana si kila alichokuta kitamfurahisha. Ataweza kumkuta mama aliyenunuliwa utumwani, mtoto asiye na jina la baba, babu aliyefungwa. Pengine wazee walinyamaza kwa aibu, pengine kwa huruma.

Ukimya mwingine ulikuwa dhuluma, na misioni nazo zilikuwa na sehemu yao. Kabla ya uhuru, katika Kongo, Rwanda na Burundi, watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa mama zao kwa amri ya serikali ya Wabelgiji, wakawekwa katika nyumba za misioni. Huko Save, Rwanda, palikuwa na nyumba ya namna hiyo chini ya Masista Weupe. Na wakati wa uhuru ulipokaribia, watoto karibu 300 walipelekwa Ubelgiji. Wengi walikua bila kujua mama yao ni nani, na majina yao yalikuwa yamegeuzwa. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba msamaha kwa jina la nchi yake tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba kunyang'anywa kwa wanawake watano wa Kongo kutoka kwa mama zao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Sasa hao waliokwisha kuwa wazee watafuta mama zao na ndugu zao, na wanachoomba kwanza ni kufunguliwa kwa makaratasi. Makaratasi yale yale yaliyowatenga ndiyo yawezayo kuwarudisha nyumbani. Basi tusidhani kwamba kutafuta asili ni mchezo wa wenye nafasi tu.

Wakristu tuna mfano mkubwa wa kutuondolea hofu. Injili ya Mtakatifu Mateo yaanza kwa ukoo wa Bwana wetu, vizazi kumi na vinne mara tatu. Mwinjili aliweza kuwataja wenye sifa tu. Lakini ameandika pia Tamari, na Rahabu wa Yeriko, na Ruti Mmoabu, na mke wa Uria. Wageni wamo, na mambo ya aibu yamo. Hao hakuwaficha.

ASILI SI SILAHA

Twawaonya vijana jambo moja zaidi. Wengine hutafuta ukoo wao ili wapate kumwambia jirani, “Wewe si wa hapa.” Hao hawajatafuta vya kutosha. Mtaalamu David Newbury alikaa Ijwi akiwasikiliza wazee wa kisiwa hicho, na kitabu chake cha mwaka 1991 chaonyesha kwamba koo za kisiwani si mawe yaliyowekwa tangu mwanzo wa dunia. Watu walifika kutoka pande mbalimbali za ziwa, wakaishi pamoja, na majina ya koo yakachukua maana mpya kadiri ufalme ulivyojengwa. Atakayepanda kwa uaminifu ngazi ya mababu zake, mapema au baadaye atamkuta mmoja aliyefika na mzigo kichwani akiomba mahali pa kulala.

TUANZE WAPI?

Kwanza, anzeni nyumbani. Kusanyeni vyeti vya ubatizo na vya ndoa, vitambulisho vya zamani, karatasi za kazi, picha zenye maandiko nyuma.

Pili, nunueni daftari moja. Ukurasa kwa kila mtu: jina la kuzaliwa na maana yake, jina la ubatizo, baba, mama, mlima, ndugu, ndoa, kifo. Andikeni pia nani aliyesema habari hiyo, na siku gani.

Tatu, mketini karibu na wazee, na akina bibi wasisahauliwe, kwani wao hujua koo mbili: waliyozaliwa na waliyoolewa. Mzee akikubali, simu ya mkononi yaweza kuishika sauti yake. Asipokubali kusema, msimlazimishe.

Nne, mwende parokiani kwa adabu. Mpelekeeni karani majina ya mtu, ya wazazi na ya baba wa ubatizo, jina la tawi, na mwaka wa kukisia. Vitabu hivyo vina siri za watu, navyo si vya kufunuliwa na kila mkono.

Tano, msiwaachie wajukuu wenu taabu hii. Sheria ya jamaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yataka kila mtoto aandikishwe kwa Serikali katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Kina baba, siku hizo zapita upesi kuliko mnavyodhani.

Wazee wetu walishika majina ya mababu kichwani bila kalamu, katikati ya njaa na vita. Sisi tuliofundishwa kusoma na kuandika tutajibu nini, ikiwa majina hayo yatapotelea mikononi mwetu? Jumapili hii, baada ya Misa, kila mwanafunzi achukue daftari, amsalimu bibi yake kwa heshima, aketi, na aulize jina la kwanza.